Dawa Ina Mwenyewe, Chupa Haina: Vifungashio vya Viuatilifu na Mbolea Handeni na Korogwe

Chupa ya dawa ya viwavijeshi inayouzwa katika duka la pembejeo la Mkata, Handeni, au Manundu, Korogwe, imepita mikononi mwa watu wengi wenye leseni. Kiuatilifu kilichomo kimesajiliwa, kampuni iliyokiingiza nchini ina kibali, muuzaji anatakiwa awe na cheti, na lebo inaeleza kipimo, siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na kwa rangi inaonyesha ukali wa sumu. Utaratibu huo wote unakoma dawa inapomiminwa kwenye bomba la mgongoni. Chupa inabaki ukingoni mwa shamba, na kuanzia hapo hatima yake inaamuliwa na upepo, mvua, mtoto anayepita, au mama anayetafuta kitu chenye mfuniko mzuri cha kuwekea mafuta ya taa.

Kwa miaka mingi jibu la tatizo hili limekuwa elimu. Mkulima aelimishwe asitupe, asichome, asitumie tena. Elimu inahitajika sana. Lakini mtu akifundishwa kusuuza chupa mara tatu, akaisuuza, akaitoboa na kuiweka pembeni, kisha asijue pa kuipeleka, chupa ile itarudi palepale ilipokuwa: kwenye kichaka, kwenye moto au ndani ya nyumba. Kuosha ni kazi ya mkulima. Kupokea kilichooshwa ni kazi ya aliyeuza na ya aliyeingiza bidhaa nchini. Nusu ya kwanza tumeihubiri vijijini kwa bidii. Nusu ya pili tumeikwepa, na ndiyo ngumu na ya gharama.

Handeni na Korogwe, wilaya za Mkoa wa Tanga, zinafaa kuchunguzwa pamoja kwa sababu ya maji. Korogwe ina Mto Pangani unaopita kandokando ya mji, ina Mto Lwengera, ina mpunga wa skimu ya Mombo, mkonge wa Magoma, Ngombezi na Hale, na juu milimani chai ya Ambangulu na Dindira. Handeni ni nchi ya mahindi, ufuta, korosho, machungwa na mifugo, yenye mvua za kubahatisha na malambo yanayokauka. Kwa muda mrefu sehemu kubwa ya matumaini ya Handeni ya kupata maji ya bomba imetegemea mradi unaojulikana kwa jina la HTM, unaochota maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma hadi Handeni. Kwa maneno mengine, kinachotupwa mtoni na kwenye vijito vyake, tangu mashamba ya mboga ya Lushoto yanayomwaga maji kuelekea Mombo, kiko njia moja na maji ya kunywa ya wilaya jirani. Mitambo ya kawaida ya kusafisha maji, yenye shabu, mchanga na klorini, huondoa tope na kuua vijidudu. Haikuundwa kwa ajili ya viuatilifu vilivyokwisha kuyeyuka.

Uhaba wa maji unafanya jambo jingine linalosahaulika mijini. Unakipa chombo thamani. Mahali ambapo maji hununuliwa kwa dumu na kubebwa kwa baiskeli au kichwani, chombo cha plastiki ngumu, kisichovuja, chenye kizibo kinachokaza, ni mali. Dumu la lita 5 lililokuwa na dawa ya magugu halitofautiani kwa macho na dumu la mafuta ya kula. Mwenye nyumba hajapotewa na akili anapoliosha kwa sabuni na majivu na kuliweka jikoni. Ameona chombo kizuri, cha bure, katika mahali ambapo vyombo ni ghali. Anayetaka kumzuia kwa maneno matupu hajaelewa anachoshindana nacho.

Na kweli inabidi azuiwe. Plastiki si bati. Viuatilifu vingi vya maji hutengenezwa kwa viyeyusho vya mafuta, na viyeyusho hivyo hupenya ndani ya ukuta wa plastiki. Masalia hujificha pia kwenye nyuzi za kizibo na chini ya mpini wa dumu ambako kidole hakifiki. Chombo kinaweza kunukia sabuni na bado kikatoa sumu kidogokidogo kwenye maziwa, asali au mafuta yatakayokaa humo kwa wiki kadhaa. Kuna basi viwango viwili vya usafi ambavyo havipaswi kuchanganywa: chupa iliyosuuzwa vizuri inatosha kwenda kuyeyushwa kiwandani, lakini hakuna kuosha kunakoifanya ifae kwa chakula au maji ya kunywa. Kila somo la kuosha lisilosema hivyo waziwazi lina hatari, kwa kuwa linaweza kuwapa watu imani kwamba chupa sasa ni salama.

Kuosha kwenyewe ni hesabu nyepesi. Tuseme chupa ya lita 1 imemiminwa hadi ikaacha kuchuruzika, na mililita 10 za dawa zimebaki zimegandamana ukutani. Ukiweka mililita 250 za maji, ukafunga kizibo, ukatikisa kwa nusu dakika na kumimina, kinachobaki ndani ni mililita 10 zenye sehemu 1 kati ya 26 ya dawa iliyokuwepo. Rudia, ibaki sehemu 1 kati ya 676. Rudia tena, ibaki sehemu 1 kati ya 17,576. Ukichukua maji yaleyale mililita 750 ukayatia yote kwa mara moja, unaacha sehemu 1 kati ya 76. Kiasi cha maji hakikubadilika. Kilichobadilika ni kuyagawa mara tatu. Ndiyo maana Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na watengenezaji wa viuatilifu wote husema mara tatu, na ndiyo maana ndoo nzima ya maji kwa mkupuo mmoja ni kujidanganya.

Hapa ndipo penye jibu la kisingizio cha kukosa maji ya kusuuzia. Masuuzo hayo matatu hayamwagwi. Yanaingia kwenye bomba la kupulizia, ambalo kwa kawaida hubeba lita 15 au 20 na lilikuwa linahitaji maji hata hivyo. Mkulima wa Sindeni, Handeni, aliyebeba dumu lake la maji hadi shambani hahitaji hata glasi moja ya ziada; anatakiwa tu aanze na suuzo kabla ya kujaza bomba hadi juu. Tena anapata faida: dawa aliyoilipia inaishia kwenye mahindi badala ya kubaki kwenye chupa. Kwa chupa ndogo za mililita 100, ambazo wakulima wadogo wengi ndizo wanazozimudu, kinachobaki ukutani ni sehemu kubwa zaidi ya fedha zao.

Sharti moja ni wakati. Suuzo hufanyika palepale dawa inapochanganywa. Kiuatilifu kikishakauka juani, maji matupu hayakitoi, na bomba likishajaa, suuzo halina pa kwenda. Makosa yanayoumiza zaidi hutokea jioni, kazi ikiwa imekwisha, mtu anapokusanya chupa na bomba akaenda kuviosha kwenye lambo au kijito. Kwa nia ya usafi anahamisha sumu kutoka kwenye chupa na kuipeleka kwa samaki, ng'ombe na majirani. Kama afisa ugani ana dakika 5 tu za kuzungumza na kikundi cha wakulima, ningependa azitumie zote kwa jambo hili: suuza kabla ya kupulizia, mimina ndani ya bomba, toboa kitako cha chupa, na usikaribie lambo.

Lakini lipo ambalo suuzo haliliwezi. Pakiti ndogo za unga, zilizotengenezwa kwa tabaka za plastiki na karatasi ya alumini, hazisuuziki vizuri na hakuna kiwanda cha kawaida kinachozitaka. Baya zaidi ni dawa inayopimwa dukani kwa kizibo au kijiko na kutiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda, kwa sababu mteja hana fedha za chupa nzima. Ni kinyume cha taratibu, na kila mtu anajua jambo hilo linafanyika. Chupa hiyo haina lebo, haina rangi ya tahadhari, na inafanana na kitu ambacho mtoto amezoea kukipokea kwa furaha. Mpango wowote wa kukusanya vifungashio utakaoisahau biashara hii ya kupima utakuwa umekusanya zile chupa zenye hatari ndogo na kuziacha zenye hatari kubwa.

Wingi wa chupa nao umeongezeka. Viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, zao ambalo mkulima mdogo wa Handeni hakuwa na desturi ya kulipulizia mara nyingi, yaani mahindi, likawa linapigwa dawa mara mbili au tatu kwa msimu. Dawa za kuua magugu zimechukua nafasi ya jembe kwa wengi, kwa kuwa vibarua ni ghali. Upande wa mifugo kuna dawa za kuogeshea dhidi ya kupe. Katika maeneo ya wafugaji ya Handeni, pamoja na Msomera ambako familia kutoka Ngorongoro zilianza kuhamia Juni 2022, chupa za josho ni sehemu ya tatizo lilelile ingawa hakuna anayeziita taka za kilimo. Na afya ya wapulizaji haikuwa nzuri hata kabla ya hapo: katika utafiti wa Aiwerasia Ngowi na wenzake uliochapishwa mwaka 2007 juu ya wakulima wa mboga wa kaskazini mwa Tanzania, asilimia 68 walisema wamewahi kujisikia wagonjwa baada ya kupulizia dawa.

Mbolea inahitaji maneno machache, kwa sababu hatari yake ni ndogo. Mifuko ya salfeti ya kilo 50 ina soko tayari: hubeba mkaa, mchanga, mahindi. Kwa mkaa na mchanga hakuna neno. Kwa nafaka ya kula, mfuko wa mbolea haufai hata ukifuliwa, na maji yake ya kufulia yasifike kwenye birika la mifugo, maana chumvi za naitrojeni huweza kuua ng'ombe au mbuzi anayeyanywa kwa wingi. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mbolea za maji za kupulizia majani, zile zinazoitwa busta, ambazo huja katika chupa zinazofanana kabisa na za viuatilifu. Mtu akizoea kuichukulia chupa ya busta kuwa haina madhara, siku moja ataichanganya na ya kiuatilifu.

Turudi kwenye kutupa. Mafunzo mengi ya zamani yaliwaambia wakulima wachome au wafukie. Moto wa shambani hauna joto la kutosha. Unayeyusha plastiki, unaacha nusu ya sumu haijaungua, na dawa zenye klorini zikiungua kwa joto dogo huweza kuzaa dioksini, ambazo ni sumu kuliko dawa yenyewe. Ili kuteketeza viuatilifu ipasavyo inatakiwa tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi, na hakuna shimo la nyuma ya nyumba linalofika huko.

Kuhusu kufukia, Korogwe haihitaji mfano wa mbali. Eneo la Old Korogwe limewahi kuorodheshwa miongoni mwa maeneo ya nchi yaliyochafuliwa na DDT, na shirika la mazingira la AGENDA liliandika juu yake katika miaka ya 2000. Mbali zaidi, Vikuge, wilayani Kibaha, ilipokea mwaka 1986 shehena ya viuatilifu vya msaada kutoka Ugiriki, vingine vikiwa vimekwisha muda. Miaka mingi baadaye watafiti waliendelea kukuta masalia kwenye udongo, na AGENDA ilipima hata mayai ya kuku wa jirani mwaka 2005. Tanzania ilikuwa kati ya nchi 7 za kwanza katika mpango wa Afrika wa kuondoa viuatilifu chakavu ulioanza mwaka huohuo, na kazi ya kusafisha ilihitaji wataalamu wa kigeni na fedha za wafadhili. Chupa elfu moja zilizofukiwa kijijini si ghala la Vikuge, lakini udongo unafanya kazi kwa kanuni ileile, na hakuna mfadhili atakayekuja kuifukua chupa moja moja Kwamsisi.

Sheria tunazo. Ya Usimamizi wa Mazingira ni ya mwaka 2004 na inasimamiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Ya Afya ya Mimea ni ya mwaka 2020, ndiyo iliyounda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao Arusha, ikichukua kazi za taasisi ya zamani ya utafiti wa viuatilifu, TPRI. Mbolea iko chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA. Halmashauri zina wajibu wa taka na uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kwa kuangalia hali ilivyo mashambani, naona chupa tupu inaangukia kwenye mianya ya taasisi hizi: ikiwa imejaa ni kiuatilifu, ikitupwa ni taka, ikiwa ya busta ni mbolea, ikifika kwa muuza chakavu ni plastiki tu. Kila mmoja ana kipande, na hakuna anayeulizwa idadi ya chupa zilizorudi.

Brazil walilikabili jambo hili kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2000, na mwaka 2001 watengenezaji wakaunda taasisi yao, inpEV, iliyoanza kazi mwaka uliofuata. Mgawanyo wa wajibu ni wa moja kwa moja. Mkulima anasuuza, anatoboa na kurudisha ndani ya mwaka 1. Muuzaji anaandika kwenye risiti mahali pa kurudishia na anagharimia kituo cha kupokelea. Mtengenezaji anachukua kutoka kituoni, anasafirisha, na anahakikisha plastiki imerejelezwa au imeteketezwa. Serikali inaelimisha na kukagua. Leo zaidi ya asilimia 90 ya vifungashio vya plastiki vinavyogusana na dawa hurudi, na sehemu ya plastiki hiyo hugeuka mabomba ya kupitishia nyaya na hata chupa mpya za viuatilifu. Wakulima wa Brazil hawakuzaliwa waangalifu kuliko wa Handeni. Walipewa mahali pa kurudishia, kwa jina na anwani, siku ya kununua.

Wala wazo la kurudisha si geni kwetu. Mwenye duka wa kijiji chochote cha Tanga anajua hapewi kreti ya soda bila kutoa kreti yenye chupa tupu; lori linaloleta ndilo linaloondoa, na chupa haionekani barabarani kwa sababu ina bei. Malori ya pembejeo yanafika Korogwe, Kabuku na Mkata kila msimu na mengi hurudi na nafasi. Hilo ndilo tundu la kupitishia mpango, kwani tatizo kubwa la plastiki hii ni usafiri. Chupa tupu ya lita 1 kwa kawaida haifiki gramu 100, hivyo kilo moja inataka chupa zaidi ya 10, na lori lililojaa chupa zisizopondwa limebeba hewa. Mkulima mmoja mwenye ekari 3 hawezi kuzisafirisha. Duka, chama cha ushirika cha mazao (AMCOS), au stoo ya shamba la mkonge au la chai yenye mashine ndogo ya kuponda inaweza. Mashamba makubwa yanayouza nje chini ya vyeti kama cha Rainforest Alliance hulazimika tayari kusuuza mara tatu na kuhifadhi vifungashio mahali panapofungwa. Mnunuzi alipodai, njia ilipatikana.

Kuna wanaosema soko litafanya kazi yenyewe, kwa kuwa waokota plastiki wapo na wanapima kwa mizani. Ninaliogopa jibu hilo. Mwokotaji ananunua plastiki ngumu bila kuuliza ilikuwa na nini, anaichanganya na ndoo na madumu mengine, na chenga zake zinaweza kurudi sokoni zikiwa mabeseni na vikombe. Yeye mwenyewe anazishika bila glavu. Plastiki ya viuatilifu inatakiwa ipite njia yake yenyewe hadi kwa mtengenezaji anayejulikana, aliyekubali kutoa bidhaa zisizogusa chakula, maji wala watoto: nguzo za uzio, mabomba ya nyaya, mbao za plastiki. Chupa iliyotobolewa ina faida mbili hapa. Haifai tena nyumbani, na mpokeaji anaitambua.

Nani alipe? Nadhani aliyeingiza dawa nchini, kwa tozo ndogo kwa kila lita, inayokusanywa bandarini ambako ni rahisi kuhesabu. Sehemu ya tozo hiyo itaingia kwenye bei, na mkulima ataihisi. Nisingependa kuficha hilo. Lakini ikirudi mkononi mwake kama shilingi chache kwa kila chupa iliyosuuzwa na kutobolewa, anayefuata utaratibu hapotezi kitu. Tuliona katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019 lilivyobadilisha masoko kwa muda mfupi, kwa sababu lilimbana mtengenezaji na muuzaji, si mama mwenye kikapu peke yake. Kenya nayo, kwa sheria yake ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022, imeandika wajibu wa mzalishaji kwa bidhaa anazoleta sokoni. Tanga inaweza kuanza bila kusubiri taifa: halmashauri zikatunga sheria ndogo inayomtaka kila mwenye duka la pembejeo awe na kizimba chenye kufuli na daftari la chupa zilizoingia, na leseni ya duka ifungamane na daftari hilo.

Litabaki swali la chupa zilizokwisha kutupwa, zisizosuuzwa, zilizojaa kwenye mashimo na mapagala. Hizo ni taka hatarishi, haziwezi kurejelezwa, na asipewe mtu yeyote aziponde. Mkoa una tanuri la saruji Pongwe. Matanuri ya aina hiyo hufika joto la takriban nyuzi 1,450, na Mkataba wa Basel, wa kimataifa kuhusu taka hatarishi, ulipitisha mwaka 2011 mwongozo wa kuteketeza taka hizo ndani ya matanuri hayo. Kabla ya kufikiria hivyo patahitajika upimaji wa moshi, kibali cha NEMC na ridhaa ya wakazi wa jirani, na patahitajika pia kujua mzigo wenyewe ni tani ngapi. Hesabu hiyo inaweza kuanzia kwenye kata, kijiji kwa kijiji, wakati wa kiangazi majani yakiwa yamekauka na chupa zinaonekana.